Tanya Tucker na "While I'm Livin'": albamu ni ya aliyeimba au ya waliomtungia?

#1 – Mleta mada

Ndugu wanajamvi, salaam.

Kwa wiki tatu sasa, kila jioni ninapoingia jikoni, nimekuwa nikisikiliza albamu moja tu, na sijaichoka. Ni "While I'm Livin'" ya Tanya Tucker, mwimbaji wa kantri wa Marekani, iliyotoka Agosti 23, 2019. Nimeona tuijadili kwa utulivu, kwa sababu kila inapotajwa watu hukimbilia tuzo zake na kuziacha nyimbo zenyewe nje ya mazungumzo. Hoja yangu naiweka mezani mapema ili atakayenipinga asipate taabu ya kuitafuta: albamu hii imefaulu kwa sababu nyimbo zake nyingi hazikutungwa na mwimbaji mwenyewe, bali na mtu aliyemsikiliza tangu utotoni, akayajua mapito yake, kisha akamshonea nguo inayomkaa sawasawa.

Kwa wale ambao hawakulelewa na redio iliyopenda kantri, nieleze kidogo. Tucker alizaliwa Seminole, Texas, Oktoba 1958, na sehemu kubwa ya utoto wake ilipita Willcox, Arizona. Baba yake, Beau, hakuwa mtu wa fedha, lakini aliamini kwamba binti yake ana sauti ya kuuza, akahangaika naye hadi rekodi zake za majaribio zikamfikia Billy Sherrill, mtayarishaji mkubwa wa kampuni ya rekodi ya Columbia huko Nashville, mji ulio kitovu cha kantri. Sherrill alimpa wimbo mmoja mchangamfu, mtoto akaukataa. Wimbo huo huo ukaja kumtajirisha Donna Fargo. Tucker alichagua "Delta Dawn", na mwaka 1972, akiwa na miaka 13, ukaingia kumi bora za chati ya kantri ya Marekani.

Hapo ndipo pa kutua kidogo. "Delta Dawn" unamhusu mwanamke wa miaka 41 aliyerukwa na akili kwa mapenzi, anayezunguka mjini na sanduku mkononi akimsubiri mwanamume asiyekuja. Mtoto wa miaka 13 aliimba majuto ya mtu mzima kwa sauti nzito kiasi kwamba watu walistaajabu yametoka kifua gani. Nyimbo zilizofuata ziliendelea hivyo hivyo, mambo ya watu wazima yaliyowekwa kinywani mwa msichana. Kwa hiyo, alipoingia studio mwanzoni mwa mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 60, kwa mara ya kwanza umri wa nyimbo na umri wa sauti vilikuwa vimekutana.

Katikati ya hayo kuna maisha marefu ambayo sitayamaliza. Alijaribu roki mwaka 1978 na baadhi ya mashabiki wa kantri wakanuna. Uhusiano wake na mwimbaji mwenzake Glen Campbell ukawa chakula cha magazeti ya udaku. Alianguka, akasimama, na mwaka 1991 Chama cha Muziki wa Kantri kikampa tuzo ya mwimbaji bora wa kike. Baba yake alifariki mwaka 2006, mama yake mwaka 2012, na baada ya hapo akakaa kimya. Albamu yake ya mwaka 2009 ilikuwa ya nyimbo za zamani za wasanii wengine, hivyo nyimbo mpya za mwisho alikuwa amezitoa mwaka 2002. Miaka 17, katika biashara inayomwona mwanamke wa miaka 40 kuwa amechelewa.

Waliomrudisha ni wawili, ndio watayarishaji wa albamu hii. Wa kwanza ni Shooter Jennings, mwana wa nguli wa kantri, marehemu Waylon Jennings. Wa pili ni Brandi Carlile, aliyezaliwa mwaka 1981 na kukulia mashambani katika jimbo la Washington, ambaye alianza kuziimba nyimbo za Tucker akiwa mtoto. Carlile na ndugu wawili mapacha wa bendi yake, Phil na Tim Hanseroth, ndio waliotunga sehemu kubwa ya nyimbo hizo kumi. Filamu ya hali halisi iliyotoka mwaka 2022 inaonyesha kazi yenyewe ilivyofanyika katika studio ya Sunset Sound, Los Angeles, na anayeonekana pale ni mtu mwenye mashaka, asiyeamini kwamba bado kuna anayemhitaji, anayetania sana ili asionekane ana hofu.

Sasa sauti. Naomba mwenye spika nzuri ausikilize wimbo wa kumi, "Bring My Flowers Now", taa zikiwa zimezimwa. Kuna piano, kuna yeye, na karibu hakuna kingine. Sauti ina mikwaruzo kama mlango wa mbao uliopigwa na mvua nyingi. Anapofika mwisho wa mstari pumzi inapungua, noti inatikisika kidogo kabla ya kuzimika, na watayarishaji wameiacha ilivyo. Ingekuwa rahisi mno kuinyoosha kwa programu, kama zinavyonyooshwa sauti nyingi zinazotoka Nashville siku hizi, na tungepata noti safi isiyo na mtu ndani yake.

Maneno yake ni ya mtu anayesema kwamba kama una maua ya kunipa, niletee sasa ningali hai, usije ukatumia machozi wala fedha juu ya mwili usiopumua. Kisha anahesabu ambayo angeyafanya tofauti: angejifunza kupiga gitaa, angemwambia baba yake mara nyingi zaidi kwamba anampenda. Baba huyo ni Beau, yule yule aliyehangaika naye hadi milango ya Nashville ikafunguka. Kiini cha wimbo huo Tucker alikuwa nacho kichwani kwa miaka mingi bila kukimalizia, hadi Carlile alipokaa naye kwenye piano wakaukamilisha pamoja na wale mapacha. Jina la albamu limetoka humo.

Nyimbo nyingine nitazipitia bila kugawa nafasi sawa, maana hazilingani uzito. "The House That Built Me" si mpya. Miranda Lambert aliuvumisha mwaka 2010 akiwa na miaka 26. Ni habari ya kurudi kwenye nyumba uliyolelewa na kumwomba anayeishi humo sasa akuruhusu upite tena vyumbani. Kwa Lambert niliusikia kama wimbo wa msichana aliyechoka na mji. Kwa Tucker, aliyekwisha kuwazika wazazi wote wawili, nyumba hiyo haina tena mtu wa kumfungulia, na nakiri kwamba siku ya kwanza niliacha vitunguu vikaungua. "High Ridin' Heroes" ni wimbo wa David Lynn Jones, ambaye miaka ya themanini aliurekodi pamoja na Waylon Jennings. Kwa hiyo Shooter hapa anamtayarishia Tucker wimbo uliowahi kupita katika koo la baba yake. "Hard Luck" ni roki ya Texas ya enzi zile, nao una kelele nyingi kuliko mambo. Ningekuwa mimi, ningeuacha nje.

Karibuni. Nitakuwa hapa jioni nzima.

#2

Mleta mada, umeandika vizuri na nimekusoma hadi mwisho, ila hoja yako kuu naipinga.

Tuchukue mfano wa Loretta Lynn. Mwaka 2004, akiwa na zaidi ya miaka 70, alitoa "Van Lear Rose" akitayarishwa na kijana wa roki, Jack White. Mazingira yanafanana kabisa na haya: nguli wa kike, mtayarishaji wa kizazi kingine, na tuzo ya Grammy ya albamu bora ya kantri mwishoni. Lakini nyimbo za Loretta karibu zote alizitunga Loretta. White alileta magitaa na kelele zake, akamwachia mama aseme yake. Hapa kwetu Tucker amesemewa. Carlile ameandika kile anachodhani Tucker angekisema, kisha akamkabidhi aseme, na sisi tunasikia mikwaruzo ya sauti tunadhani ni ungamo.

Ushahidi wangu ni "The Wheels of Laredo". Albamu hii ilitoka Agosti 23. Wiki mbili tu baadaye, Septemba 6, wimbo huo huo ukatoka tena katika albamu ya kwanza ya The Highwomen, kundi la akina Carlile, Natalie Hemby, Maren Morris na Amanda Shires. Nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mmoja haiwezi kuvaliwa na watu wengine wanne ndani ya nusu mwezi. Ukiniuliza, hii ni albamu ya Brandi Carlile iliyoimbwa na mgeni wa heshima.

#3 – Mleta mada

Mkuu, hilo la Laredo ni pigo zuri na sitalikwepa.

Nimezisikiliza zote mbili asubuhi hii, moja baada ya nyingine. Wimbo unamweka msimulizi karibu na Laredo, mji wa mpakani kati ya Texas na Meksiko, mtu anayetamani angekuwa ndege mdogo ili aende zake kusini. Katika toleo la The Highwomen sauti zinapandana kiitikioni, zinapendeza, na unapata picha ya mandhari: anga, mto, kengele. Katika toleo la Tucker hakuna wa kumpokea. Anaimba peke yake, anachelewa kidogo nyuma ya mdundo kama mtu anayefikiri kabla ya kusema, na ile hamu ya kuwa ndege inageuka kuwa hamu ya mtu anayejua kwamba muda wa kuruka umepita. Maneno ni yale yale. Kwa hiyo nakubali kwamba wimbo ule haukuwa wa vipimo vyake peke yake, lakini sikubali kwamba yeye alikuwa mgeni ndani yake.

Kuhusu Loretta, tofauti unayoitaja ni ya kweli, ila tangu mwanzo hao walikuwa wanawake wa kazi mbili tofauti. Loretta alikuwa mtunzi anayeimba. Tucker, tangu siku alipoukataa wimbo wa kwanza na kuuchukua "Delta Dawn", alijulikana kwa kuchagua na kuimba. Alijua ni wimbo gani unamfaa kabla watu wazima waliokuwa chumbani hawajajua.

Nikuongezee jambo moja ambalo linakusaidia wewe kuliko mimi. Wimbo wa tatu, "I Don't Owe You Anything", ni wa mwanamke anayemwambia mwanamume kwamba deni limekwisha, yeye anaondoka. Umejaa ucheshi wa kibabe, na hapo nahisi kabisa mkono wa mtungaji aliyekuwa akimchora Tucker wa magazetini, yule mkorofi wa miaka ya themanini. Unaimbika, unachekesha, lakini ni picha ya mtu iliyopigwa kwa mbali.

#4

Salaam kutoka Mombasa. Mimi si msikilizaji wa kantri kihivyo, nimevutwa na kichwa cha uzi, lakini swali lenu mbona sisi watu wa taarabu tulikwisha kulizoea?

Kwetu mshairi ni mmoja, mtia muziki pengine ni mwingine, na mwimbaji ni wa tatu. Mtu anaweza kuimba miaka arobaini mashairi ya watu wengine, na hakuna siku tumemwambia kwamba wimbo si wake. Tunachomdai ni akitie kile kitu ndani. Akikitia, bibi aliyekaa nyuma kabisa ukumbini atainuka na noti yake mkononi, atatembea taratibu huku akicheza hadi jukwaani, amtuze mbele ya watu wote, arudi kitini akijipepea. Wala haendi kumtafuta mtunzi.

Na hili la maua, ndugu zangu, limenigusa kwa sababu hiyo hiyo. Kutuza ni kumpa mtu haki yake akiwa amesimama mbele yako, jasho linamtoka. Ukimpenda mwimbaji ukakaa kimya, halafu ukaja kuandika maneno marefu siku ya matanga, huyo mwimbaji alipata nini? Nimeusikiliza huo wimbo wa kumi mara mbili. Kiingereza changu ni cha dukani, lakini nimeuelewa.

#5

Naandika kutoka Uasin Gishu, na nashukuru kwamba hatimaye kuna uzi wa kantri ambao haujageuzwa uwanja wa matani.

Baba yangu alikuwa na kanda za Jim Reeves, Skeeter Davis, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton, na Jumapili asubuhi redio ilikuwa haizimwi hadi tuondoke kwenda kanisani. Wengi wa rika langu katika Bonde la Ufa watakueleza hadithi hiyo hiyo. Tucker nilimjua kupitia "Two Sparrows in a Hurricane", wimbo wa mwaka 1992, na kwa miaka mingi nilidhani alikwisha kufariki. Nalisema hili kwa aibu.

Jambo ambalo mleta mada hakuligusa ni redio za huko kwao. Mwaka 2015 mshauri mmoja wa redio za kantri za Marekani, Keith Hill, alisema hadharani kwamba kituo kinachotaka wasikilizaji wengi kipunguze nyimbo za wanawake, akawafananisha waimbaji wa kiume na majani ya saladi, na wanawake na vipande vya nyanya vya kupambia. Wasanii wa kike walikasirika, lakini alikuwa amesema kwa sauti kile ambacho vituo vilikuwa vikikifanya kimyakimya. Katika hali hiyo mwanamke wa miaka 60 hata nyanya hahesabiwi. Kwa hiyo Carlile na Jennings hawakujisumbua kuitengeneza albamu hii kwa masikio ya vituo hivyo, na nadhani huko kutojali ndiko kulikowapa uhuru wa kuacha pumzi na mikwaruzo ambayo mleta mada ameisifu. Wimbo uliotengenezwa ili uchezwe katikati ya matangazo ya magari ya pikapu usingeanza na piano tupu.

Matokeo yakaja kwa njia nyingine. Januari 2020, kwenye Grammy, alikuwa ameteuliwa mara nne kwa kazi hii, ukiwemo uteuzi wa wimbo bora wa mwaka, ambapo alishindanishwa na vijana wa rika la watoto wake. Akaondoka na mbili: albamu bora ya kantri na wimbo bora wa kantri. Uteuzi wake wa kwanza wa Grammy ulikuwa wa "Delta Dawn", akiwa na miaka 14. Kati ya uteuzi ule na ushindi huu ni miaka 47, na hakuwa ameshinda hata mara moja. Usiku huo huo aliimba "Bring My Flowers Now" jukwaani, Carlile akiwa kwenye piano.

Nina swali kwa mleta mada. Mama yangu ana miaka 71, anapenda kantri ya zamani, ila hapendi nyimbo za huzuni tangu baba afariki. Je, kuna pa kuanzia?

#6

Nimerudi. Mimi ndiye wa #2.

Maelezo ya dada wa Mombasa yameniyumbisha zaidi ya ya mleta mada, nakiri. Sikuwahi kufikiri kwamba dai la mwimbaji kutunga nyimbo zake mwenyewe ni desturi ya upande mmoja tu wa dunia ya muziki, tena ya juzi juzi. Hata kantri yenyewe ya Nashville imejengwa na watunzi wa kuajiriwa, waliokuwa wakikaa vyumbani kuandika nyimbo za watu wengine.

Bado nina shaka moja, nayo inahusu kilichofuata. Mwaka 2023 watatu hao walirudi na "Sweet Western Sound", na mwaka huo huo Tucker akaingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri pamoja na Patty Loveless na mtunzi Bob McDill. Nimeisikiliza albamu hiyo mara kadhaa. Imetengenezwa kwa ustadi, ila sikupata wimbo ulionisimamisha kama ule wa kumi. Kama siri ingekuwa ni Carlile kumjua Tucker, mara ya pili si angekuwa anamjua zaidi? Mimi naona siri ilikuwa ni mashaka. Mwaka 2019 mwimbaji hakuwa na uhakika kama anatakiwa, na mashaka hayo yanasikika. Mwaka 2023 alikwisha kuletewa maua.

#7 – Mleta mada

Mkuu wa #6, hiyo ya mashaka naichukua, na nadhani ni sahihi kuliko nilivyoanza mimi. Carlile aliandika vizuri, lakini hakuwa na uwezo wa kuiandika ile hofu. Hiyo Tucker aliingia nayo mwenyewe studio. Kuhusu "Sweet Western Sound", mimi naipenda kuliko wewe, hasa kwa sababu sauti imezidi kukauka, ila uzi wake tuufungue siku nyingine.

Dada wa Mombasa, umesema kwa aya moja nilichokihangaikia kwa kurasa.

Ndugu wa Uasin Gishu, pole kwa kuondokewa na mzee. Kwa mama, usianze mwanzo wala mwisho. Mwekee wimbo wa nane, "Rich", unaohesabu utajiri usio wa fedha. Ni mchangamfu na una mwendo wa kantri ile ya kanda za mzee. Akiuitikia, mrudishe kwenye wa tatu, ule wa mwanamke anayeondoka zake, atacheka. Wa sita, ule wa nyumba, usiucheze yeye akiwa peke yake sebuleni. Na wa kumi mwachie aufikie mwenyewe siku atakapoiacha albamu iendelee.